Droo ya Tatu

Ufunguo ninao mimi.
Droo ya kwanza mihuri na wino,
ya pili risiti za maji na dizeli,
ya tatu pasipoti thelathini na nane
zilizofungwa kwa mpira wa nywele
alioudondosha Mkawasi siku aliyofika.
Kuzishika kumekatazwa tangu zamani.
Sisi husema tunawahifadhia.

Dobi letu liko Ghala, nyuma ya gereji za malori.
Shuka za hoteli huletwa usiku
zikinuka watu waliolala vizuri.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
alikuwa akisema bibi yangu, Wete.
Sisi jembe tunampa palepale uwanja wa ndege,
na zile siku mbili tunamkata mshahara.

Mwaka huu sheria imegeuka.
Nimeisoma mara tatu, miwani puani:
mkataba ukiisha, mtu aende atakako,
hana haja tena ya karatasi ya bosi
isemayo *sina pingamizi*.
Miaka kumi na sita nimeichapa karatasi ile,
au nimesema printa mbovu.
Printa haijapata kuharibika.

Ukurasa wa pili wa sheria hiyohiyo
unataka wenyeji kadhaa katika kila mia.
Bwana Mahfudh akanitazama, akatazama dari.
"Wewe si una binti?"
Basi Raya wangu, diploma ya uhasibu ukutani,
akaandikwa msimamizi wa chumba cha pasi.
Mwenyewe yuko Al Khoudh, mapazia yamefungwa,
simu inamwangaza uso.
Jina lake ndilo linalodamka alfajiri.
Jina lake halijachelewa hata siku moja,
jina lake lina bima ya meno.

Na kile chumba anakisimamia Mkawasi,
mikono imeiva kwa mvuke hadi viwikoni.
Kwenye kompyuta yeye ni mfagiaji.

Nimewajumlisha usiku, kama hesabu ya duka:
huyu cheo bila jasho,
yule jasho bila cheo,
jumla mfanyakazi mmoja
na kitu kilichobaki
ambacho daftari halina safu yake.

Jumapili Raya akaniambia,
"Baba, nipeleke kazini kwangu."
Alilitamka *kwangu* kama mtu anayeuliza njia.

Alisimama mlangoni na mkoba wake mzuri.
Hakuna aliyemjua, ila wote walilijua jina.
Mkawasi akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni,
akachukua shuka, akamtupia pembe mbili.
Kiswahili cha Raya ni cha jikoni kwa bibi yake,
cha Mkawasi ni cha stendi ya Voi;
wakakutana kwenye neno *kunja*.
Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja.
Unavuta, unasogea, unampa mwenzio pembe zako,
unarudi nyuma kuanza tena.
Walikunja mia na arubaini.
Niliwahesabu nikiwa nje ya kioo,
sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Saa tisa Mkawasi akaja mezani.
Mkataba umekwisha Alhamisi,
hospitali moja ya Nizwa inamtaka, kwa cheo chake.
Hakuomba. Alinyoosha tu kiganja.
Nikafungua droo ya tatu, nikaitoa yake,
ngozi ya jalada imeshika alama ya mpira.
"Na huu?" nikamuuliza. "Si wako?"
Akacheka kwa pua.
"Kaa nao, Mzee. Bado una watu thelathini na saba wa kufunga."

Njiani Raya hakusema neno.
Viganja vilikuwa vyekundu, ameviweka juu ya magoti
kama vitu vya kuazima.
Niliwasha kipoza hewa, nikakizima.
Taa za Azaiba zikatusimamisha.
Akanyoosha mkono bila kunitazama.
"Ufunguo, Baba."

Nyuma yetu mtu akapiga honi.